Piga picha, rudisha: tulivyoanza kutunza kumbukumbu za kambi ya mkonge

Mwaka 1986 alikuja nyumbani kwetu kijana mmoja mwenye begi la ngozi. Alisema anaandika historia ya mashamba ya mkonge ya Tanga. Baba akamtolea kiti kibarazani, mama akachemsha mihogo, wakaongea mpaka adhana ya magharibi. Alipoondoka aliondoka na kipande cha baba, ile kadi ya kibarua yenye vyumba 30 vya siku za kazi, pamoja na picha moja ya baba na wenzake mbele ya banda la brashi, mahali pa kusafishia nyuzi za mkonge kwa mashine. Aliomba wiki mbili tu. Baba alifariki mwaka 1994, na kabla ya hapo kila basi la Tanga likisimama alikuwa anainua shingo.

Sina haja ya kumtaja kijana yule, huenda begi lenyewe liliibiwa njiani. Lakini nilipostaafu ualimu, mimi na wenzangu wawili tukaamua kukusanya kumbukumbu za kambi tuliyozaliwa, huku wilayani Muheza, na karibu kila nyumba tuliyobisha hodi ilikuwa na kijana wake mwenye begi. Hapa alichukua barua, pale alichukua ngoma, kwingine alimrekodi bibi kwenye kaseti na bibi hakuisikia sauti yake tena. Basi mwongozo huu nauanzia palipotuuma.

Usiondoke na kitu cha mtu

Nenda na simu yenye chaji, shuka jeupe, rula, penseli, kaunta buku, na mwenzako wa kuandika. Tandika shuka kibarazani au karibu na dirisha, asubuhi, mahali penye mwanga lakini kivulini. Jua kali linatupa kivuli cha mkono wako juu ya karatasi. Zima flashi, inaacha doa jeupe katikati ya uso wa mtu. Weka rula pembeni ili anayetazama kesho ajue kitu kilikuwa na ukubwa gani, inamisha simu iwe sambamba na karatasi, kisha piga mbele na nyuma. Usisahau nyuma. Maneno ya picha yako mgongoni: muhuri wa studio, tarehe, salamu iliyoandikwa kwa wino wa buluu. Kitu kikirudi mkononi mwa mwenyewe, ndipo unywe chai.

Yapo mazingira ambayo mwenyewe atakuomba ukitunze. Bati linavuja, watoto wako Dar es Salaam, anaogopa akifa vitachomwa na takataka. Hapo muulize swali moja ambalo lugha yetu inalo tayari: hii ni amana au ni hiba? Amana itarudi siku yoyote atakayoidai yeye au mrithi wake, bila kuulizwa kwa nini. Hiba imetoka moja kwa moja. Andika jibu lake kwenye karatasi mbili, mtie saini au dole gumba nyote wawili, kila mtu abaki na yake. Sisi tuna vitu kama arobaini chumbani, na hiba ni sita tu. Sioni aibu kwa hilo. Picha za vitu tulivyorudisha zimepita elfu.

Mtu mmoja, majina manne

Nieleze kidogo kambi ni nini, kwa vijana. Mkonge si mmea wa kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, vikapandwa Kikogwe karibu na Pangani vile 62 tu vilivyofika vikiwa hai. Kutoka kwa hivyo 62 likazaliwa jeshi lote la majani ya kijivu unaloliona ukipita Korogwe au Ngomeni, na kufikia miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa inaongoza duniani kwa katani. Wenyeji hawakutosha wala hawakuitaka kazi ile, maana maji ya mkonge yanawasha na miiba yake haina huruma. Watu wakaletwa kwa mkataba kutoka Kigoma, Songea, Njombe, Burundi, Msumbiji. Kila mmoja alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba, na makazi yao ya shambani ndiyo kambi.

Baba alikuwa Muha wa Kasulu. Nyumbani kwao alikuwa na jina lake. Kwenye kipande aliandikwa jina la binamu yake, kwa sababu shamba la kwanza alilitoroka baada ya miezi minne na hakutaka karani wa shamba la pili amtambue. Alipomwoa mama, ambaye ni Mbondei, alisilimu akapata jina la tatu. Kambini walimwita kwa jina la nne ambalo siwezi kuliandika hapa, lilitokana na pombe. Sasa fikiria mjukuu anakuja kumtafuta babu yake kwa jina moja tu.

Kwa hiyo kaunta buku letu lina safu nne za majina: la nyumbani, la kipande, la dini, la kambini. Safu nyingine ni namba ya kitu, ni kitu gani, nani amekileta, nani wamo ndani yake kuanzia kushoto, wapi, lini, na ruhusa aliyotoa mwenyewe. Tulijaribu kuanza na kompyuta, tukaacha. Kaunta buku halihitaji umeme, na mzee anaweza kuona unachokiandika, akakusahihisha hapo hapo. Kompyuta ifuate jioni.

Namba iwe rahisi. Sisi tunaanza na mwaka tulioipokea kumbukumbu: 2021-001, 2021-002. Namba hiyo hiyo iandike kwa penseli laini pembeni nyuma ya karatasi kama kitu kimebaki kwako, na iwe ndiyo jina la faili kwenye simu. Usiziache picha zikiitwa IMG na tarakimu kumi, baada ya mwezi hutajua ipi ni ya nani.

Kuhusu "lini", usimbane mtu akutajie mwaka. Muulize kilichokuwapo. Mshahara ulikuwa bado shilingi za Afrika Mashariki? Basi ni kabla ya 1966 au karibu na hapo. Mzungu alikuwa ameshaondoka? Mashamba mengi yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha, 1967. Ulikuwa umeshazaa mtoto yupi vita ya Kagera ilipoanza? Kina mama huhesabu kwa watoto, na hesabu yao ni kali kuliko ya makarani. Andika "kati ya 1964 na 1967" badala ya kubuni tarehe. Mwaka wa uongo ulioandikwa vizuri unasafiri mbali kuliko mashaka.

Safu ya kabila

Vipande vingi vina mahali pa kabila. Tulipoanza tulikuwa tunanakili kila kitu bila kufikiri. Siku moja mama mmoja akaniita pembeni akaniambia, "Mwalimu, hiyo ya baba usiionyeshe mtu." Baba yake aliandikwa Mrundi. Watoto wake na wajukuu wamezaliwa hapa, wamesoma hapa, na bado wakati wa kuandikisha vitambulisho kuna mahali mtu anaulizwa babu yake alitoka wapi kwa sauti ambayo si ya udadisi. Kadi ya mwaka 1951 inaweza kumletea mjukuu taabu leo.

Tangu siku hiyo hatuchukui picha ya kitu wala sauti kabla ya kuuliza maswali manne, na tunayauliza kwa Kiswahili cha kawaida: Nani aruhusiwe kuona? Jina litajwe au lifichwe? Iwekwe kwenye mtandao au ibaki chumbani? Na ukiwa hupo, nani aamue kwa niaba yako? Majibu yanaingia kwenye safu ya ruhusa. Mengine tumeyafunga kwa bahasha mpaka mwaka aliousema mwenyewe. Isitoshe, tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo si adabu peke yake inayokutaka uulize.

Kumrekodi mzee

Usimwambie mzee "tueleze historia ya kambi". Atakupa hotuba, ataanza na "Kwanza kabisa namshukuru Mungu" na ataishia kwenye maendeleo. Muulize kengele ilipigwa saa ngapi. Kwetu kengele ilikuwa pande la reli lililoning'inizwa kwenye mwembe, na nilipouliza nani alikuwa anaipiga nilipata dakika arobaini juu ya mtu huyo, wake zake, na jinsi alivyokuwa akilala nayo chini ya mto asije akachelewa. Akilala na nyundo, yaani, si reli. Uliza posho ya unga ilipimwa kwa chombo gani. Uliza kwenye korona, mahali pa kusaga majani, nani alisimama wapi. Uliza Jumapili ngoma ya Wamakonde ilichezwa upande gani wa kambi na Waha walikaa wapi. Mwombe akuchoree ramani ya kambi mchangani kwa kijiti, uipige picha.

Ukiweza, nenda na mtani wake. Fundi mmoja mstaafu wa mashine, Mnyamwezi, alikuwa ananijibu mimi kwa heshima na ufupi, "Ndiyo mwalimu, hapana mwalimu." Nilipokwenda na mwenzangu Mbondei, yule akaanza kumtania tangu mlangoni kwamba amekuja kuchukua urithi wake wa jembe, na mzee akafunguka mpaka tukaomba ruhusa ya kuondoka. Watani ndio waliowazika wageni wasio na ndugu kambini. Wanajua makaburi yalipo, na wanajua ni nani alizikwa kwa jina lisilo lake.

Upande wa vyombo: simu inatosha. Iweke kwenye hali ya ndege, vinginevyo mtu atapiga katikati ya neno. Ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, isigusane na meza, umbali wa mkono mmoja kutoka mdomoni kwake. Zima feni na redio. Mwanzoni taja wewe mwenyewe tarehe, mahali, jina lako na lake, na umwombe aseme kwa sauti kwamba amekubali. Rekodi dakika moja, sikiliza, ndipo uendelee. Hiyo dakika moja niliiruka mwezi wa Aprili, masika, nikiwa kwa mzee aliyekuwa mkata mkonge miaka 22. Saa nzima na ushee alieleza mgomo wa wakataji. Nilipofika nyumbani nikakuta nina saa nzima na ushee ya mvua juu ya bati.

Nilirudi wiki ya pili, akanipokea vizuri tu. Akaeleza tena, safari hii kwa mpangilio, kwa ufupi, na lile jina la nyapara aliyewasaliti halikutoka. Nikamkumbusha. Akasema, "Nilikutajia? Basi nilikosea." Jina sijaliandika popote. Ila ile rekodi ya mvua nayo nimeitunza kwa namba yake, kwa masharti aliyonipa.

Karatasi, mchwa na lamineti

Adui wetu wa kwanza huku pwani ni unyevu, wa pili ni mchwa, wa tatu ni mtu wa steshenari anayekushauri kupiga lamineti. Nakuomba, usipige lamineti karatasi ya zamani. Moto na gundi vinaingia kwenye nyuzi za karatasi, na plastiki ile haitoki tena bila kuichana. Vivyo hivyo seloteepu: baada ya miaka michache inakuwa ya kahawia, inaacha mstari wa gundi na maneno yaliyokuwa chini yake yamekwenda. Karatasi iliyochanika iache ichanike, itie ndani ya karatasi nyeupe iliyokunjwa mara mbili. Pini za stepla na vibanio vya chuma vitoe taratibu, hewa ya chumvi inavila na kutu inakula karatasi.

Picha zitenganishe kwa karatasi nyeupe kavu. Albamu zile za kurasa zenye kunata ni hatari, ukijaribu kuivua picha inabaki nusu. Kama imeshang'ang'ania, iache pale pale na uipige picha ndani ya albamu. Mfuko wa nailoni uliofungwa unatega jasho, tumia bahasha ya karatasi, nyeupe kuliko ya kaki. Sisi tunatumia sanduku la bati lenye mfuniko, ndani tunatupia vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, ambavyo wauza viatu wa Muheza mjini wanatupa bure. Sanduku likae juu ya meza isiyogusa ukuta, na kila mguu wa meza usimame ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya gari. Majani ya mwarobaini watu wanayapenda. Yaweke chini ya sanduku ukitaka, lakini si juu ya karatasi, yanaacha madoa. Kila mwezi fungua, kagua, siku ya jua.

Karatasi zikilowa, una kama siku mbili kabla ukungu haujaota. Zitandaze kivulini penye upepo, moja moja, usizianike juani. Picha zilizogandana zilowekwe kwenye maji safi ya baridi mpaka ziachane zenyewe, kisha zilazwe chali zikauke. Zikiwa nyingi kuliko mikono yenu, zitieni kwenye mifuko mkazigandishe, mtaziyeyusha chache chache baadaye. Paa la ofisi ya kambi lilipovuja, daftari mbili za zahanati zililala wiki tatu kwenye friza ya mama muuza barafu, katikati ya ubuyu na ukwaju. Zilitoka zimekunjamana lakini zinasomeka.

Daftari hizo zinanikumbusha jambo. Ukikuta majalada ya serikali, ya kijiji, ya mahakama ya mwanzo, hata kama yametupwa nyuma ya choo, si yako. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002 inayahusu. Mwone mtendaji, andikeni, muyalinde na mvua, na mwombe ayapeleke panapostahili. Idara ya kumbukumbu kule Dar es Salaam inatunza mpaka majalada ya Wajerumani, na UNESCO iliyatambua majalada hayo mwaka 1997. Ukitafuta shamba lako lilianza lini na nani alilimiliki, pengine jibu liko huko. Ukitafuta wimbo wa kina mama wa kuanika singa, yaani nyuzi za mkonge, hutaukuta huko.

Nakala

Nakala tatu: moja kwenye simu au kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja kwenye nyumba nyingine kabisa, maana mwizi na moto havichagui. Flashi ni ya kubebea tu, usiifanye ghala. Fungua kila nakala mara mbili kwa mwaka, sisi tumepanga Januari na Julai, na uhakikishe faili zinacheza. Picha ukizituma kwa WhatsApp zitume kama dokumenti, vinginevyo inazibana na maandishi madogo ya kipande yanapotea. Nywila isiwe kichwani mwa mtu mmoja. Yetu imeandikwa kwenye karatasi, iko ndani ya bahasha, ndani ya kabati la shule.

Kamba ya Mei Mosi

Kumbukumbu zikifungiwa chumbani watu watasema mwalimu anakusanya vya watu ili auze. Kwa hiyo kila Mei Mosi, siku ya wafanyakazi, tunatoa nakala kwa ukubwa wa karatasi ya A4, kwa zile tu zilizopewa ruhusa ya wote, tunazitundika kwa vibanio vya nguo kwenye kamba ya katani kutoka mwembe hadi ofisi ya shamba la zamani. Chini ya kila picha tunaning'iniza karatasi tupu na penseli. Maelezo tunayaacha machache makusudi. Ukiandika kila kitu watu wanasoma na kupita, ukiacha pengo wanabishana, na ubishi ndio tunaoutaka. Wasioandika, mtoto wa darasa la sita anawaandikia. Usimsahihishe mtu pale kambani. Majina mawili yakigongana, yote yanabaki, kila moja na aliyelisema.

Mwaka juzi mama mmoja kutoka kambi ya jirani alileta picha ya marehemu mumewe, wanaume kumi na wanne mbele ya banda la brashi. Kumbe mpiga picha aliwachapia wengi. Tulipoitundika, hadi saa kumi ilikuwa na majina kumi na moja. Wa nne kutoka kushoto, aliyeshika kofia, waliandika jina la binamu yake baba, lile la kwenye kipande. Nikachukua penseli, nikaandika la nyumbani chini yake, nikatia saini na tarehe kama mgeni mwingine yeyote.

Karatasi za kambani ziingize kwenye kaunta buku usiku ule ule, kabla hujaoga. Asubuhi umande unakuwa umeshazilainisha, na mbuzi wa jirani yetu anapenda sana karatasi yenye umande.